Altaneta Yenye Kiburi

8 Septemba, Jumatatu

Gari limeingia nyumbani. Dogo, la kijivu, limetoka Japani bila kujua vumbi ni nini. Sasa linajua. Nimeliegesha mbele ya lango ili kila anayekwenda soko la Kiritiri alione bila kugeuza shingo. Wengi hawakugeuza. Wivu.

Mama Kanini aliuza nusu ya mbuzi wake tukalinunua. Hakusema mengi. Alisema tu hili lisiwe kama wale kware niliofuga. Nikamkumbusha kwamba kware walikuwa na shida ya soko, si ya uongozi.

Mpango wenyewe ni huu: gari la matangazo. Hapa Mbeere kuna mtangazaji mmoja tu, Kivuti, mwenye pikapu kuukuu kuliko binti yetu Kanini. Spika zake zimefungwa kwa kamba ya katani. Mazishi ni Kivuti, mkutano wa injili ni Kivuti, mnada ni Kivuti. Na sauti yake ni ya mtu anayefukuza nyani shambani! Yangu ni ya redio. Mama mkwe mwenyewe alisema hivyo siku ya arusi, mbele ya mashahidi.

Gitobu, fundi wa pale karibu na duka la vyuma, amenifungia spika mbili juu ya paa na mtambo wa sauti kwenye kiti cha nyuma. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri. Waya mweusi juu ya hasi, pale pale kwenye kichwa cha betri. Alisema maji huchotwa kwenye chemchemi, si kwenye bomba. Nimeipenda hiyo. Pia alicheka mizaha yangu yote. Fundi mzuri.

Jioni kazi ya kwanza! Kaari, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, alikuja na karatasi ya tangazo. Alikuwa anamtafuta Kivuti, lakini Kivuti yuko Ishiara kwenye mazishi. Jumamosi madaktari wa mifugo wanachanja mbuzi dhidi ya sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaomaliza zizi zima. Ni siku moja tu, kwenye josho lililo katikati ya Kiritiri na Kiambere. Wakiondoka, dawa imeondoka. Sotoka ilipopita mara ya mwisho kuna maboma yalibaki na kamba tupu.

Kaari alinishika mkono. Alisema, "Nyamu, hii si mambo ya mchezo."

Nikamwambia amekuja kwa mtu anayefaa.

9 Septemba, Jumanne

Pigo.

Nilinunua kipima-volti kwa mchuuzi, kile kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinaonyesha nambari nyekundu. Nilitaka tu wateja waone kwamba gari langu lina sayansi. Nikawasha injini: 14.4. Vizuri. Nikaingia barabarani: 13.1. Hm. Nikaongeza mwendo: 12.6. Nikasimama kando ya barabara.

Kila mtu anajua gari zima huwa kwenye 14 na kitu. Pikapu ya Kivuti, pamoja na kutu yake, hukaa 14.2 tangu asubuhi hadi jioni. Niliwahi kuchungulia. Altaneta ndicho kile chombo cha pembeni ya injini kinachotengeneza umeme na kulisha betri. Ikishuka hadi 12.6 ina maana haitengenezi kitu. Nimeuziwa maiti.

Nilimpelekea Gitobu. Aliigonga altaneta kwa spana, akasikiliza kama daktari, akasema inakaribia kufa. Akashauri tuing'oe na tuweke ya lori. Nikauliza kama itaenea. Alisema boneti linaweza kukatwa kidogo.

Niliomba muda wa kufikiri. Na hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Nikiwa narudi nyumbani kwenye ule mteremko, niliondoa mguu kwenye mafuta. Nambari ikaruka: 14.8! Nikakanyaga mafuta, ikashuka. Nikaachilia, ikapanda. Altaneta hii haijafa. Ina kiburi. Inafanya kazi inapopenda.

Gitobu alipanda tukajaribu pamoja kila kitufe. Tukagundua jambo. Ukiwasha taa kubwa na waipa, nambari inatulia kwenye 14.1 na haishuki. Tulishikana mikono. Kuanzia kesho natangaza na taa na waipa. Mama Kanini aliuliza waipa za nini na mvua haijanyesha tangu Mei. Mambo ya kitaalamu, nilimwambia.

10 Septemba, Jumatano

Siku ya kwanza ya matangazo. Sina raha ya kuandika lakini nitaandika.

Nilitoka Kiritiri kuelekea Gachoka polepole, taa zikiwaka mchana kweupe, waipa zikikwaruza kioo kikavu kwe, kwe, kwe. Nambari 14.1. Nilikuwa na furaha. Nilitangaza kwa utaratibu, maneno mazito, pumziko baada ya kila sentensi. Tangazo zuri lina pumziko. Kivuti hajui hilo.

Niliona watu wanasimama kando ya barabara. Wanaume wakavua kofia. Nikafikiri, heshima hatimaye. Bodaboda moja ikawasha taa ikajipanga nyuma yangu. Kisha nyingine. Kisha gari la mwalimu. Nikaangalia kioo cha nyuma, msafara mzima!

Mwenye kutembea na taa mchana, mwendo wa pole, ni nani? Ni mwenye maiti. Sikulifikiria hilo. Wakati huo huo spika zangu zinasema, "Jumamosi leteni mbuzi wenu wazima wote." Mzee mmoja alinisimamisha kwa fimbo. Aliuliza ni mtu mkubwa kiasi gani huyu aliyekufa hata mazishi yake yataka mbuzi wote. Nikaeleza ni chanjo. Akauliza kama basi marehemu alikufa kwa sotoka. Nikasema hakuna marehemu. Akachungulia kiti cha nyuma, akaona mtambo wa sauti umefunikwa kwa leso ya Mama Kanini, akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema wameanza kuwaweka kwenye masanduku madogo.

Jioni habari zilikuwa zimefika Kiritiri kabla yangu. Nilipomtafuta Gitobu alikuwa hotelini akisimulia, waipa zikiwa ni mikono yake. Kivuti amerudi kutoka Ishiara, naye alikuwepo. Alinipa pole za msiba.

Kaari alipiga simu. Alitaka kujua watu wa Gachoka walielewa au hawakuelewa. Nikasema walielewa kwa undani. Baadaye Mama Kanini aliniambia Kaari amewapigia jamaa zake wa huko mwenyewe ili kusawazisha mambo. Bado Kiambere. Kiambere ni yangu.

Uamuzi: hakuna taa tena. Hakuna waipa. Mtu ana jina lake.

11 Septemba, Alhamisi

Mama Kanini aliamua twende Embu. Mimi sikuamua. Kuna msichana anaitwa Sheila, alisoma na Kanini chuo cha ufundi, sasa ana gereji yake nyuma ya soko na kompyuta ya kusoma magari. Nilisema sipeleki gari kwa rika la mtoto wangu. Tulifika Embu kabla ya chai ya saa nne.

Sheila anazungumza haraka na hakai chini. Alichomeka waya chini ya usukani, akaangalia simu yake, akaniuliza nani alifunga spika. Kisha akacheka. Alikuwa amesikia habari za waipa! Mpaka Embu!

Akasema, "Mzee, hii altaneta haina ugonjwa. Inafuata amri."

Nikauliza amri ya nani.

"Ya kompyuta ya gari. Hizi za siku hizi hazichaji ovyo. Betri ikionekana imeshiba, kompyuta inaambia altaneta ipumzike, injini iwe nyepesi, mafuta yapungue. Ukiachilia mguu kwa mteremko, inaiambia ichaji kwa nguvu, kwa sababu hapo umeme ni wa bure. Ukiwasha taa, inaituliza juu. Zile taa zilikuwa zinakusaidia, tena sana."

Nilimtazama Mama Kanini kuona kama amesikia hiyo ya altaneta nzima. Alikuwa anamsikiliza Sheila.

Kisha Sheila akaonyesha kisanduku kidogo kilichoshikana na kichwa cha hasi cha betri. Alisema hicho ndicho karani. Kinahesabu umeme unaoingia na unaotoka kisha kinaripoti kwa kompyuta. Na waya wangu mweusi umefungwa juu yake, upande wa betri. Kwa hivyo spika zinakunywa bila kuhesabiwa. Karani hajui. Kompyuta inadhani betri imejaa na kumbe inakauka.

"Anayedhaniwa ameshiba hapakuliwi," alisema. "Wacha nihamishe huo waya niufunge kwa mwili wa gari. Ni kazi ya dakika kidogo."

Nilifikiri haraka. Gitobu alisema chemchemi, si bomba. Gitobu ana miaka mingi kwenye kazi hii. Na Gitobu hajawahi kunicheka, ukiondoa jana. Nikamwambia Sheila nitalifikiria jambo hilo nyumbani. Mama Kanini akasema lihamishwe. Nikasema gari lina mwenyewe. Akaenda kuketi garini, akafunga mlango.

Njiani nilipanga yote upya. Altaneta ni nzima, mtaalamu amekubali. Mteremko unachaji bure, mtaalamu amekubali. Mengine ni maneno ya vijana.

12 Septemba, Ijumaa, asubuhi

Kiritiri iko juu. Kiambere iko chini, karibu na bwawa. Yaani Mungu aliitengeneza barabara hii akiwa na gari langu akilini. Ninashuka nikitangaza, altaneta inachaji bure, nafika chini betri ikiwa imefura. Mama Kanini aliuliza nitapandaje kurudi. Nilimwambia kurudi sitatangaza. Aliuliza pia kuhusu waya mweusi. Nilimwambia Jumatatu.

Kivuti alipita akaniambia anaweza kunisaidia Kiambere maana anaijua. Aliongea vizuri tu. Ndiyo hila yenyewe! Nikakataa.

12 Septemba, Ijumaa, jioni

Ujumbe umefika.

Naeleza. Nilishuka vizuri. Kila kituo nilisema kwa ukamilifu. Katikati ya vituo nilicheza nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu, kuandaa masikio ya watu. Jambo moja tu lilinishangaza: mteremkoni nambari haikuruka kama Jumanne. Ilipanda kidogo ikaridhika. Nikasema kumbe betri imeshiba kweli.

Nilisimama kwenye ule mgongo wa kilima unaoitazama Kiambere yote. Maboma upande huu, maboma upande ule, sauti inasafiri hadi kwenye maji. Mahali pa mtangazaji! Gari hili likisimama huzima injini lenyewe kuokoa mafuta. Lilizima. Baada ya kitambo likashtuka na kuwaka tena lenyewe, likiunguruma katikati ya jina langu. Nikalizima kabisa kwa kitufe. Mngurumo unaharibu sauti.

Nilijitambulisha. Nikalitambulisha gari. Nikataja kwamba tunapokea arusi na harambee. Nikacheza wimbo mmoja. Ndipo nikaingia kwenye tangazo lenyewe, ile karatasi ya Kaari, inayosema wasilete mbuzi wagonjwa, walete wazima wote josho.

Nikasema, "Wananchi wa Kiambere. Kesho Jumamosi. Msilete mbuzi..."

Pumziko. Nilivuta pumzi. Kilima kizima kilikuwa kimya.

"...wagonjwa!"

Nilijisikia mwenyewe tu. Spika zilikuwa zimekufa. Dashibodi iliwaka rangi zote kama mti wa Krismasi, kisha giza. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha. Tik. Nikabonyeza tena. Hata tik haikuja.

Nilitoka nikapiga kelele kwa mikono mdomoni mpaka koo likakauka. Upepo ulikuwa unatoka upande wao. Upande wa pili wa bonde niliona wanawake wawili wamesimama wakisikiliza. Wakatazamana. Wakarudi kwenye kazi zao kwa utulivu, kama watu walioelewa.

Lori la mchanga lilipita. Dereva alikuwa na nyaya za kuazima umeme, akaliamsha gari. Aliniuliza betri ya gari jipya inakufaje. Nikamwambia ni kiburi. Niliwaomba wapakiaji wake wawaambie watu wa Kiambere sentensi imalizike na "wagonjwa", kisha waendelee na karatasi yote. Walisema watasema. Walikuwa wanaelekea upande mwingine, lakini watu hukutana.

Spika sikuthubutu kuziwasha tena. Nikarudi. Kaari alipopiga simu nilimwambia nimefika Kiambere na nimesema. Yote mawili ni kweli.

13 Septemba, Jumamosi

Naandika nikiwa na vumbi masikioni.

Josho lilijaa mapema. Watu wa Kiritiri walikuja. Hata watu wa Gachoka walikuja, wengine wakiwa na nguo za msiba, kwa tahadhari. Madaktari walikuwa wanachanja kwa kasi. Mbuzi waliobaki wa Mama Kanini walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Yule beberu wake alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Kiambere, hakuna mtu. Barabara ya chini nyeupe, tupu. Kaari alikuwa anaitazama kila mara. Mwishowe akampigia binamu yake wa huko. Alisikiliza. Uso wake ukabadilika polepole.

Alinijia. Alisema, "Wanasema uliwaambia wasilete mbuzi."

Nikasema niliwaambia wasilete mbuzi wagonjwa.

"Hiyo wagonjwa hawakuisikia, Nyamu. Walisikia msilete mbuzi. Basi. Wamewafungia."

Nikaanza kueleza habari za karani na chemchemi. Kaari aliniacha nikieleza akaenda kwa daktari. Daktari alisema barafu kwenye kasha la dawa haitafika jioni. Kaari akamgeukia Kivuti, aliyekuwa pale na mbuzi wake mwenyewe, na pikapu yake. Kivuti hakuuliza kitu. Alianza kuteremsha mbuzi.

Nikasema vizuri, Kivuti atangaze, mimi nitabaki kusaidia hapa. Kaari alifungua mlango wa pikapu akanionyesha kiti.

"Wewe ndiwe uliwaambia wasilete," alisema. "Wataamini sauti ya nani mwingine?"

Tulishuka na ile pikapu ikipiga kelele kila bati. Kivuti anaendesha, mimi na maikrofoni. Nilitazama kipimo chake, nikijidai natazama barabara. 14.2. Mteremko, 14.2. Kupanda, 14.2. Haina akili hata kidogo. Inachaji tu.

Sikujitambulisha. Sikucheza wimbo. Nilisema, "Leteni mbuzi. Mimi ni Nyamu. Jana nilikosea. Leteni mbuzi wazima wote josho, sasa hivi." Nilisema bila pumziko mpaka sauti ikawa kama ya mtu anayefukuza nyani. Watu walitoka. Wengine walinitukana kwanza ndipo wakafungua maboma. Kivuti alipakia wale wasioweza kutembea haraka, wajawazito na wadogo, akawapeleka na kurudi, akawapeleka na kurudi. Wengine walienda kwa miguu, vumbi la mbuzi likafunika barabara yote.

Boma la mwisho lilikuwa la mama mkwe.

Nilikuwa nimelikwepa kwa hesabu, nikitumaini Kivuti angepita mbele. Alisimama pale pale langoni. Nilishuka, nikainamisha kichwa jinsi mkwe anavyopaswa. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni mwa boma, ameweka mgongo wake kwenye miti ya lango, mbuzi wake wote ndani.

"Mwanangu," alisema, "nilikusikia jana. Nikawafungia. Jirani alikuja asubuhi akasema eti watu wanaenda. Nikamwambia mkwe wangu amesema tusilete, na yeye ana sauti ya redio, hawezi kukosea."

Nilihisi jambo fulani kifuani. Nadhani ni vumbi. Nikamwinua, nikafungua lango, nikawatoa mbuzi mmoja mmoja. Mdogo kabisa nilimbeba mwenyewe. Alikojoa kwenye shati langu la matangazo.

Walifika josho barafu ikiwa ni maji. Daktari alichanja wa mama mkwe wakawa wa mwisho, akafunga kasha. Maboma ya Kiambere yaliyo ng'ambo ya korongo hayakuwahi. Tuliwaona wakija kwa mbali, vumbi lao likiwa bado upande ule, gari la madaktari likiondoka. Daktari alisema atajaribu kupata dawa nyingine mwezi ujao. Kaari alisimama akiwatazama waliochelewa. Hakunilaumu. Alienda kuwalaki mwenyewe, kwa miguu, kuwaambia warudi.

14 Septemba, Jumapili

Kanisani Kaari aliombwa aseme neno. Alimshukuru Mungu, madaktari na Kivuti. Watu walipiga makofi. Nilingoja. Akaketi.

Kwa haki, mimi ndiye niliyetangaza. Kivuti alikuwa dereva tu.

Mama Kanini hakusema neno njiani kurudi. Wala mezani. Alipakua chakula akaniwekea. Nilikitazama kwanza kuona kama ni sahani yangu ya kawaida. Ilikuwa yenyewe.

15 Septemba, Jumatatu

Embu tena. Mama Kanini alikaa mbele, akashika mkoba kwa mikono miwili. Spika juu zilikuwa kimya.

Sheila hakucheka leo. Pengine alikuwa ameambiwa. Aliiweka betri kwenye chaja kubwa ya gerejini kwa muda mrefu. Kisha akaulegeza ule waya mweusi kutoka kwenye kichwa cha betri, akakwangua rangi kidogo kwenye chuma cha mwili wa gari, akaukaza hapo. Ndiyo kazi yote. Chai yangu haikuwa imepoa. Akawasha spika, akawasha injini, akaniita nione. Nambari ilipanda yenyewe 14.5 na kukaa.

"Sasa karani anaona kila kitu," alisema. "Lakini mzee, betri iliyokaushwa hivi haifi mara moja, ila haisahau. Siku ukiibadilisha uje, lazima kompyuta iambiwe kuna mpya. Na usitangaze injini ikiwa imezimwa."

Nikamwambia nilikuwa karibu kufikia hitimisho hilo hilo.

Tulipopita Gachoka, Mama Kanini aliongea. Alikuwa anatazama nje.

"Baba Kanini, mimi sikuuza mbuzi kwa sababu ya matangazo. Tangu uwache kazi ya stoo pale shuleni ulikuwa unaamka, unaoga, unavaa viatu, kisha unakaa. Nilitaka uwe na pahali pa kwenda. Ndiyo nikauza."

Sikujua alikuwa ananiona nikivaa viatu.

Aliendelea. Amezungumza na Kaari na Kivuti. Wa ng'ambo ya korongo wakipata dawa, nitawatangazia mimi, na gari hili, na mshahara wangu utakuwa kwamba wamefika. Baada ya hapo kazi za barabara nzuri ni zangu, za mashimo ni za Kivuti. Kivuti amekubali. Alikubali upesi hata nikapata shaka.

Sharti ni moja. Akanigeukia ili nisikie vizuri.

"Usifungue hiyo boneti tena. Wewe wala Gitobu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, na nilipoangalia barabara nikaona imekuwa na ukungu kidogo, nikafuta macho. Vumbi la Gachoka.

17 Septemba, Jumatano

Siku mbili za amani. Boneti sijaigusa. Hata maji ya waipa sijaongeza, maana yako humo humo.

Jana nilimtangazia mama mmoja mbuzi aliyepotea, na mbuzi akapatikana. Injini ikiwaka, nambari juu, kila mtu akasikia hadi neno la mwisho. Nimegundua kwamba gari hili lilikuwa linasubiri tu kuzoea mwenyewe. Ni jambo la tabia. Sheila alifanya ile ya waya, sawa, lakini wengi wangefanya.

Shida iliyobaki ni ndogo. Huwezi kutangaza injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwaka inanguruma chini ya sauti yangu. Msanii hawezi kufanya kazi hivyo. Leo nilimweleza Gitobu kwenye hoteli, kwa faragha. Alifikiri mpaka mandazi yakaisha. Kisha akasema kwamba nyuma, kwenye buti, chini ya zulia, pale kwenye gurudumu la akiba, kuna nafasi ya kutosha betri ya pili. Kubwa, ya trekta. Na nyaya zake yenyewe. Kompyuta isiijue kabisa.

Nimekaa nimeyakumbuka maneno ya Mama Kanini yote, moja baada ya jingine, kwa uaminifu. Alisema boneti. Kuhusu buti hakusema lolote.

Gitobu anakuja kesho, Mama Kanini akishaenda sokoni.